Santuri kama Hati: Mwandiko wa Mashine katika Historia ya Kiswahili

Historia ya maandishi ya Kiswahili aghalabu huanza na hati za Kiarabu na kuishia na zile za Kirumi. Uko mwandiko wa tatu unaostahili kuchunguzwa kwa makini yaleyale, nao ni mwandiko wa sindano.

Mwaka 1877 Thomas Edison alinasa sauti kwa sindano iliyopanda na kushuka juu ya karatasi ya bati. Miaka kumi baadaye Emile Berliner alileta sahani bapa, ambayo mfuo wake huyumba kushoto na kulia kwa kadiri ya mtetemo wa sauti. Kuanzia 1925 kipaza sauti cha umeme kilishika mahali pa pembe iliyokuwa ikikusanya sauti. Mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kuenea Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba taarab ya Kiswahili itiwe katika santuri.

Mfuo ulichongwa kwanza katika bamba nene la nta. Bamba likavikwa madini kwa nguvu za umeme, ikapatikana kalibu. Kwa kalibu hiyo santuri zikapigwa chapa katika utomvu mgumu wa wadudu wa India. Kuicheza nta ilikuwa ni kuiharibu. Palipotokea kosa, bamba jipya lilihitajika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu hivi.

Yatokanayo ni mawili. Kwanza, wimbo ulioweza kurefushwa mbele ya wasikilizaji ulilazimika kukoma mfuo ulipokaribia kitovu cha sahani. Beti zilizomo katika santuri, basi, si lazima ziwe wimbo mzima. Pili, hati za Kiarabu za kawaida zilikuwa na alama tatu tu za irabu, hata e na i zikachanganyika, na o na u vilevile, mfuo ulizitenganisha. Lakini vyombo vya wakati ule havikunasa vema mitetemo iliyozidi 5,000 hivi kwa sekunde, na huko ndiko iliko sehemu kubwa ya nguvu ya s. Shahidi mwema wa irabu ni shahidi dhaifu wa baadhi ya konsonanti.

Kwa hiyo anayetumia santuri kuthibitisha matamshi ya Kiunguja hana budi kuihoji kama ahojivyo mswada: iliandikwa kwa chombo gani, na chombo hicho kiliacha nini.