Nani Aliacha Nini? Uongozi na Manufaa ya Wote Katika Mpaka wa Busia, 1960–2018

Dabani iko katika Wilaya ya Busia, Uganda, jirani na mpaka wa Kenya. Wasamia wa huko wana ndugu zao ng'ambo, kwa kuwa mwaka 1902 Waingereza waliitenga Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika eneo lililokuja kuitwa Kenya. Ukoo wa Awori ni kielelezo: Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya (2003–2008), ilhali mdogo wake, Aggrey, aliwahi kuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini nchini Uganda. Kwa jamii kama hii, kila uamuzi kuhusu mpaka ni uamuzi kuhusu familia. Makala haya yanashikilia kwamba kiongozi anayetanguliza manufaa ya wote hapimwi kwa tamko lake, bali kwa kile alichokubali kukiacha.

Kipimo hicho kinaonekana kwa Julius Nyerere. Juni 1960, mjini Addis Ababa, alisema yu tayari kuahirisha uhuru wa Tanganyika kwa miezi kadhaa endapo nchi za Afrika Mashariki zingejitawala pamoja zikiwa shirikisho. Gharama aliitaja, na ilikuwa ya upande wake mwenyewe. Hata hivyo, Tanganyika ilijitawala peke yake tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 5 Juni 1963, jijini Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote waliahidi kuunda shirikisho kabla ya mwaka huo kwisha. Safari hii ahadi ilitangulia, na swali la nani angeachia mamlaka gani likabaki nyuma. Mazungumzo yalikwama papo hapo: katika uraia, mambo ya nje na mahali pa makao makuu.

Watu wa mpakani ndio waliolipa deni hilo. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu za magharibi mwa Kenya kuwa za Uganda. Mwaka uliofuata Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ikavunjika. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalipambana Busia, na mpaka ukafungwa. Marais Moi na Museveni walikutana Malaba mwezi huohuo ili kutuliza hali. Viongozi haohao wawili, pamoja na Mkapa, ndio waliotia saini Mkataba wa Jumuiya mpya mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Mkataba huo ulizaa hatua ndogo zenye gharama bayana. Katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Busia Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Ili jambo hilo liwezekane, kila dola ilibidi iruhusu maofisa wa jirani kufanya kazi katika ardhi yake. Hapo kila upande uliacha kitu.

Yaweza kudaiwa kuwa viongozi hao walifuata tu faida ya nchi zao: Uganda ikihitaji njia ya Mombasa, Kenya ikihitaji soko. Ni kweli, lakini hoja haivunjiki. Maneno "maslahi" na "suluhu" yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Maslahi ya mmoja hayalazimiki kuwa adui wa suluhu, mradi kila mmoja aseme waziwazi anachokiachia.

Kipimo hiki kinaihusu pia taaluma yetu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kabla ya kulisifu azimio hilo, washauri wa sera waulize: ni fungu gani la fedha, na vipindi vipi vya masomo, vitakavyoachwa ili mwalimu wa Kiswahili afike Dabani? Azimio lisilo na jibu la swali hilo litafuata njia ya tamko la 1963.