Kijoko cha Mezani Kilianzia Kwenye Ndege

Wengi wetu tunacho kile kijoko kidogo cha umeme chenye feni, cha bei nafuu, na kazi tuliyokipa ni kuchoma slesi za mkate tu. Tunakionea.

Oveni ya feni ilitengenezwa na Mmarekani William Maxson mwaka 1945, na haikukusudiwa nyumba kubwa. Ilikusudiwa ndege, mahali penye nafasi finyu na chakula kilichogandishwa kinachotakiwa kipate moto upesi. Feni ilisukuma hewa ya moto ikizunguke chakula pande zote. Akaiita Whirlwind, yaani kisulisuli. Maxson alifariki mwaka 1947, na oveni za namna hiyo zikaenea majumbani baadaye sana.

Bibi zetu wa pwani nao waliupangia moto: mkate wa kumimina waliupalia makaa chini na juu ya kifuniko. Feni inaongeza ubavuni.

Basi hapo hewa ndiyo mpishi. Trei ikigusa kuta, au wavu wote ukitandikwa foili (tunaona wengi wakifanya hivyo kukwepa kuosha), njia ya hewa inazibika na feni inabaki kelele tu. Chukueni trei ndogo, muache vidole viwili kila upande. Keki iliyoandikiwa nyuzi 180, shusheni hadi 160, mkaichungulie mapema. Na sambusa zilizobaki kwenye futari zirudisheni humo dakika chache: zitakauka zivunjike kwa mlio, wakati maikrowevu huzilegeza.