Ndoano ya Manyoya na Samaki Wageni

Wengi wetu tumezoea kuvua kwa nyavu, kwa mgono, au kwa ndoano yenye chambo. Kwa hiyo twastaajabu tusikiapo ya kuwa wako wavuvi wasiotia chambo hata kidogo, ila hufunga manyoya ya ndege katika ndoano, nao hupata samaki wakubwa. Wala jambo hili si jipya. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian, aliyeishi kadiri ya mwaka 200 baada ya Kristo, aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu katika ndoano pamoja na manyoya mawili ya jogoo, ili ifanane na mdudu wa mtoni.

Samaki atafutwaye sana na wavuvi hao ni trauti, mwenye madoadoa, akaaye katika maji ya baridi. Akiwa mdogo hula wadudu. Lakini akiisha kukua wadudu hawamtoshi, naye huanza kula samaki wenziwe. Besi naye, samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, ana desturi iyo hiyo. Basi wavuvi wa Marekani wakatengeneza ndoano ndefu yenye manyoya marefu, mfano wa samaki mdogo, wakaiita kwa neno lenye maana ya kitu kipeperukacho kama utepe. Manyoya hayana uzito. Kwa hiyo mvuvi hurusha kamba iliyo nene, na kamba ndiyo ichukuayo ndoano. Kisha huivuta kwa mkono, mara upesi, mara kwa kusita, hata manyoya yatanuke na kujikunja majini kama samaki aliyejeruhiwa.

Katika kazi hii jina la mwanamke mmoja limekumbukwa sana, ndiye Carrie Stevens. Alikaa Upper Dam, katika nchi ya maziwa ya Rangeley, jimbo la Maine, ambapo maji ya ziwa moja hupita katika boma na kushukia ziwa jingine. Mumewe alikuwa akiwaongoza wageni waliokuja kuvua. Yeye mwenyewe alikuwa amejua kazi ya kutengeneza kofia za wanawake, na mikono yake ilizoea manyoya na nyuzi. Tarehe 1 Julai 1924 aliacha kazi za nyumbani, akaenda majini kuijaribu ndoano aliyoifunga kwa mfano wa smelti, samaki mwembamba wa ziwani. Akampata trauti wa ratili 6 na aunsi 13. Samaki huyo alipewa nafasi ya pili katika mashindano ya gazeti la Field & Stream, na barua za watu waliotaka ndoano zake zikaanza kuja. Alizifunga kwa vidole vyake tu, pasipo chombo cha kuishikia ndoano. Iliyopata sifa kuliko zote ni Gray Ghost, yenye manyoya ya kijivu, uzi wa fedha, na unyoya wa jogoo wa mwituni wa Bara Hindi uliofanywa jicho. Mwaka 1970, ndio mwaka aliokufa, kibao cha ukumbusho wake kiliwekwa Upper Dam.

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao yatupasa tuuangalie. Yule smelti, ambaye Carrie Stevens alimwigiza kwa ustadi, hakuwa mwenyeji wa maziwa yale. Hapo kale trauti wakubwa wa Rangeley walinenepa kwa kula samaki mwingine, mdogo, mwenye mgongo wa rangi ya samawati. Samaki huyo alikaa kilindini mwaka mzima, na wakati wa kupukutika majani alipanda vijito makundi makundi kutaga mayai, na wanavijiji wakamvua kwa wingi mno. Katika miaka ya 1870 watu walitia samoni katika maziwa yale, ili mchezo wa uvuvi uzidi. Baadaye wakatia smelti wawe chakula cha samoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 yule mwenye mgongo wa samawati hakuonekana tena Rangeley. Wageni na nyavu zilimmaliza.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1905 trauti kutoka Uskoti walitiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua huko Kenya. Na katika miaka ya 1920 besi kutoka Marekani walitiwa katika ziwa Naivasha, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole. Mara ya mwisho alipoonekana ni mwaka 1962, na besi ahesabiwa kuwa miongoni mwa waliomla hata akaisha.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Majini mara nyingi huwa kinyume chake: mgeni huja, mwenyeji akapotea. Hatusemi kwamba wageni hawakuleta faida. Wako watu wengi wapatao riziki kwao. Wala hatumlaumu yule mama wa Upper Dam, maana aliyakuta maji yamekwisha kugeuzwa, akatumia akili yake kwa yale aliyoyaona. Twasema hivi: ndoano ya manyoya ikikosea, mvuvi huifungua akafunga nyingine, lakini samaki akiisha kutiwa ziwani, hakuna mkono wa kumtoa. Basi mtu akija na debe la samaki wageni, akataka kulimwaga katika mto wetu, na tumwulize kwanza: waliomo humu watakula nini, nao wataliwa na nani?