Miaka 120 ya reli ya Kisangani: tusizike karakana zilizoiweka hai

Mwaka 2026 reli ya Kisangani hadi Ubundu inatimiza miaka 120 tangu ifunguliwe, wakati ule ikiitwa reli ya Stanleyville hadi Ponthierville. Ni kilomita 125 tu, lakini ndizo zilizowezesha mizigo kuyapita maporomoko ya Boyoma, ambayo hakuna meli iwezayo kuyapanda. Katika maadhimisho kama haya watu hukumbuka vichwa vya treni na shuruti za enzi za Mfalme Leopold. Nadra mtu kuitaja karakana. Na ndani ya karakana, nadra zaidi kuitaja mashine ya wima ya kuchonga chuma, ile yenye meza inayosogea pande zote na kichwa kinachoshusha kisu kutoka juu. Bila mashine za aina hii, reli na meli za Kongo zingekuwa mali ya msimu mmoja.

Kisa kinachoonyesha thamani ya ufundi wa palepale kilitokea kabla ya reli yenyewe. Harry Johnston amekieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1908 juu ya mmisionari Mbaptisti George Grenfell.

Robert Arthington, tajiri wa Leeds, alikuwa ametoa fedha ili wamisionari wapate meli ya mvuke ya kupanda Mto Kongo. Kampuni ya Thornycroft iliiunda kule Chiswick, kando ya Mto Thames, mwaka 1882, na ikapewa jina la Peace, yaani Amani. Urefu wake ulikuwa futi 70, na ilielea kwenye maji ya kina kidogo mno. Baada ya kujaribiwa Thames ilifunguliwa vipande vipande na kufungwa katika mizigo karibu 800, kila mzigo ukiwa na uzito unaobebeka kichwani, takriban kilo 30. Wapagazi waliibeba kwa miguu zaidi ya kilomita 300 kando ya maporomoko ya Kongo ya chini hadi Stanley Pool, mahali palipo Kinshasa leo.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuja kuiunganisha walifariki mmoja baada ya mwingine kabla ya kuifanya kazi hiyo. Kumsubiri mwingine kungechukua miezi mingi, na hakuna aliyejua kama naye angefika salama. Grenfell, ambaye ujanani alijifunza kazi katika kampuni ya vifaa vya chuma na mashine huko Birmingham, akaamua kuiunganisha mwenyewe pamoja na wafanyakazi wake Waafrika. Walipanga mabati, wakapiga ribiti, wakafunga injini na mabomba, na mwaka 1884 Peace ikashushwa majini.

Miezi michache baadaye meli hiyo ilifika kwenye maporomoko ya Stanley, yaani Boyoma, na kupanda pia Mto Lomami, uleule unaopita mji wa Opala. Kwa hiyo watu wa Lomami walipoiona meli ya mvuke, walikuwa wakitazama kazi ya mikono ya Waafrika waliofundishwa palepale kazini. Vitabu vingi humpa Grenfell sifa zote. Wenzake wanastahili nusu yazo, na majina yao yangepaswa kuandikwa ukutani katika kila shule ya ufundi ya mkoa wetu wa Tshopo.

Jambo hilohilo lilijirudia kila mahali mtoni. Henry Stanley alipofungua kituo cha Kisangani mwishoni mwa mwaka 1883, aliyemwachia usimamizi alikuwa Binnie, fundi mitambo kutoka Scotland. Mwandishi Joseph Conrad alipofika Kinshasa mwaka 1890, alikuta meli ya Florida aliyotarajia kuiongoza imeharibika. Hata filamu ya The African Queen, ambayo John Huston alipiga sehemu yake kwenye Mto Ruiki, jirani na Kisangani, mwaka 1951, ina tukio la kunyoosha mhimili wa pangaboi kwa moto uliowashwa ukingoni. Mtunzi aliujua ukweli wa mito yetu: chuma kikivunjika, hukitengenezi mahali pengine.

Reli nayo ilikuwa na shida hiyohiyo. Kampuni ya reli ya CFL ya Mbelgiji Édouard Empain iliundwa mwaka 1902 na kufungua reli ya Ubundu mwaka 1906. Ile ya Kindu hadi Kongolo ilikamilika mwaka 1910, na ya Kabalo hadi Kalemie mwaka 1915. Kipuri kutoka Antwerp kilisafiri baharini hadi Matadi, kikapanda treni hadi Kinshasa, kisha meli kwa takriban kilomita 1,700 hadi Kisangani. Kampuni iliyotegemea safari hiyo kwa kila gia ingefilisika. Ndiyo maana karakana ilihitajika mwanzoni kabisa mwa njia.

Ndani ya karakana kama hiyo, mashine ya kukereza huzungusha chuma huku kisu kikitulia, na kazi yake ni vitu vya mviringo. Mashine ya kuchonga hufanya kinyume: kisu ndicho kinachozunguka, na chuma husogezwa chini yake. Hiyo ndiyo inayotengeneza uso bapa, meno ya gia na ule mfereji mwembamba ambamo hukaa kipande cha chuma kinacholifunga pangaboi lisizunguke peke yake kwenye mhimili. Mashine hizi zilianzia kwenye viwanda vya bunduki vya Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Umbo la wima linalojulikana zaidi leo lilitoka jimbo hilohilo: wahamiaji wawili wa Kiswidi, Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom, waliuza mashine yao ya kwanza ya Bridgeport mwaka 1938. Baadaye zilitengenezwa pia Leicester, Uingereza, na kuigwa dunia nzima.

Mashine hizo kuukuu bado zinauzwa, na kwa karakana ya Kisangani zinafaa kuliko mpya nyingi zinazoendeshwa na kompyuta, kwa sababu kila kilichomo kinaweza kufunguliwa kwa mkono. Lakini mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Azungushe mpini wa meza mbele na nyuma aone unazunguka bure kiasi gani kabla meza haijasogea. Asogeze meza hadi mwisho wa kila upande: ikiteleza kwa wepesi katikati na kukaza pembeni, njia zake zimelika pale zilipofanyiwa kazi zaidi. Asikilize beringi za spindeli zikiwa katika mwendo wa kasi, na aangalie kama tundu linaloshika kisu halina mikwaruzo. Kisha asome kibao cha mota. Mota nyingi hutaka umeme wa njia tatu, na iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60 itazunguka polepole kwa moja ya sita kwenye hezi 50 za Kongo.

Mashine ya aina hii ina uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo bei ya usafiri ihesabiwe mapema, pamoja na ya jiriwa na visu. Ikishafungwa, kichwa chake kipimwe kikae wima kabisa juu ya meza, la sivyo kila uso utatoka na mteremko. Na ikiwa skurubu zake zimelegea, fundi asukume chuma dhidi ya mzunguko wa kisu. Akikisukuma kuufuata, kisu kitakivuta kwa nguvu na kuvunjika.

Kilichofuata Kisangani baada ya uhuru kinajulikana: vita vya mwaka 1964, kutaifishwa kwa biashara mwaka 1973, uporaji wa miaka ya 1990, na siku sita za Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Hata hivyo, bwawa la Tshopo, lililojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, bado ndilo tegemeo la umeme wa jiji, ambao mashine hizi huuhitaji.

Leo boti za mbao zenye injini za dizeli ndizo zinazobeba mchele na mafuta ya mawese kutoka Opala kupitia Isangi. Mhimili wa boti moja ukivunjika, wenye mizigo wote husubiri. Wakati huohuo mashine kuukuu hukatwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Huku ni kula mbegu.

Maadhimisho ya miaka 120 yalete kazi, yasiishie kwenye hotuba. Mkoa uorodheshe mashine zilizobaki katika karakana za reli, bandari, misheni na shule. Zinazoweza kufufuliwa zisiuzwe kwa wafanyabiashara wa vyuma. Wazee wanaozijua walipwe kufundisha vijana wakati bado wana nguvu. Amani ilipanda Lomami kwa sababu Waafrika walifunzwa kuunganisha chuma kwa mikono yao wenyewe. Reli mpya au meli mpya isiyokuwa na mafundi wa namna hiyo itatupeleka mpaka siku ya gia ya kwanza kuvunjika, na hapo ndipo itakaposimama.