Historia ya Vitu Tunavyotumia, Sehemu ya 6: Baskeli iliyochomelewa, tuinunue au tuiache?



Leo naanza na suala la mama mmoja wa Uroa. Kanitumia picha ya baskeli ya mtumba. Ya kike, rangi bado inang'aa, nyuma ina kiti cha mtoto. Bei nafuu. Lakini ukiivuta picha, chini ya usukani, pale bomba la fremu linapoingia kwenye shingo, pana mshono wa kuchomelewa uliopakwa rangi juu yake. Anaitaka kwa kumpeleka mwanawe skuli na kubebea mwani. Babu yake kamwambia: "Nunua tu, chuma kikichomelewa huwa imara kuliko mwanzo." Akaniuliza: nesi, babu anasema kweli?

Babu ana sehemu ya ukweli. Ila anaisemea baskeli nyengine. Ili mnielewe, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Hakina pedali, unakisukuma kwa miguu chini. Baskeli tunayoijua sisi, yenye magurudumu yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885, pale John Kemp Starley alipotoa baskeli aliyoiita Rover. Na tairi za upepo? Hizo mwaka 1888 zilitokana na baba mmoja. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, alimtengenezea mwanawe ili baskeli yake ndogo ya magurudumu matatu isimtikise. Kwa hivyo mtoto yumo ndani ya historia hii tangu mapema.

Miaka hiyo hiyo wanawake wa Ulaya nao walitaka kupanda, na nguo zao zilikuwa ndefu. Viwanda vikaliteremsha lile bomba la juu. Ndiyo maana leo unapanda na baibui lako bila taabu. Lakini kumbuka hili: fremu ya kiume inashikana kama pembetatu, na pembetatu ni ngumu kupinda. Bomba la juu likiteremshwa, mzigo mkubwa zaidi unaangukia maungio ya chini na shingo. Shingo ya baskeli ya kike inafanya kazi kweli kweli.

Sasa tuje kwetu. Baskeli walizozizoea wazee wa Unguja zilikuwa za chuma tupu. Raleigh kutoka Nottingham enzi za Waingereza, halafu Phoenix kutoka Shanghai, na Hero kutoka Ludhiana, India, kiwanda kilichoanza mwaka 1956. Nzito, lakini hazina makuu. Katika nyingi ya zile za zamani, mabomba yalichomekwa ndani ya viungo vya chuma, kisha yakashikishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa. Shaba hiyo huyeyuka kwa joto la chini kuliko chuma, kwa hivyo fundi mzuri mwenye mtungi wa gesi aliweza kuirudia kazi hiyo hiyo hapa hapa kijijini.

Na alilazimika. Miaka ya 1970 bidhaa za nje zilikuwa adimu. Baskeli ikikatika haitupwi, inachomelewa, inabebeshwa samaki, inarudi barabarani. Baskeli moja ilisomesha watoto nyumba nzima. Babu kauona ukweli huo kwa macho yake, msimcheke.

Kisha mambo mawili yakabadilika. La kwanza, kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya nje vilizidi kutumia aluminiamu, kwa sababu ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu. La pili, biashara ilifunguliwa, na baskeli zilizotumika zikaanza kutufikia ndani ya makontena kutoka Japani na Ulaya. Nyengine za chuma, nyengine za aluminiamu, na zote zikipakwa rangi zinafanana.

Hapo ndipo penye hatari. Aluminiamu ya fremu mara nyingi hupata nguvu zake kwa kupikwa kwenye tanuri la kiwandani, kwa joto lililopimwa. Ukiichomelea mtaani, sehemu ya pembeni ya mshono inalainika na nguvu inashuka. Kwa nje utaona mshono mnene, mzuri. Ufa mpya utaanzia ubavuni mwake. Na chuma kibovu aghalabu hupinda au kulia kabla hakijakatika, lakini aluminiamu iliyochoka inaweza kukuacha ghafla.

Mimi si fundi, ni muuguzi. Nnachokijua ni kinachofuata. Shingo ikikatika, mbele kunazama, na mpandaji anatangulia kwa uso na mikono. Meno, taya, mtulinga, kifundo cha mkono. Mtoto aliyefungwa nyuma haachwi salama, anaanguka na baskeli yake, na kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake mdogo.

Basi kabla hujatoa pesa, fanya haya.

Chukua sumaku, hata ya spika ya redio mbovu. Iguse fremu yenyewe, si mnyororo wala karia. Ikinata, ni chuma. Isiponata, mara nyingi ni aluminiamu, na kama imechomelewa mtaani, iache.

Tazama mshono uko wapi. Chuma kilichochomelewa kwenye karia au vijiti vya nyuma, mnaweza kuzungumza bei. Kwenye shingo au uma wa mbele, usimpakie mtoto. Rangi mpya sehemu moja tu? Uliza imefichwa nini.

Chukua uzi. Ufunge nyuma penye nati ya gurudumu, uzungushe mbele ya shingo, urudishe upande wa pili. Pima nafasi baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana, fremu imepinda.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

Na kwa sisi wa pwani: tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, baskeli zetu zinabeba mzigo unaochuruzika maji ya chumvi. Chumvi inakula chuma kwa ndani. Ukirudi pwani, isuuze kwa maji baridi ya bomba na uikaushe. Kiti cha mtoto kiwe na kinga ya miguu, maana kisigino kikiingia kwenye spoki ni kidonda cha wiki nyingi. Na mtoto avae kofia ngumu.

Yule mama wa Uroa kaenda na sumaku. Haikunata. Muuzaji akapunguza bei, akapunguza tena. Kaniandikia usiku: "Nesi, nimeiacha, lakini roho inaniuma." Naijua roho hiyo. Pesa yenyewe ya mwani, na skuli iko mbali. Nimemwambia atafute ya chuma, hata iwe kuukuu na nzito, fremu yake iwe nzima.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama zangu, kuna ufa wa kuziba na kuna ufa wa kuuacha dukani kwa mwenyewe.

Sehemu ya 7 Ijumaa, inshallah. Mtumie mwenzio anayetafuta baskeli.