Stadi Kabla ya Sura: Funzo la Siti binti Saad katika Malezi ya Wasichana

Wanaotaka kumjengea msichana heshima ya nafsi mara nyingi humwambia kwamba kila binti ni mzuri kwa namna yake. Nia ni njema, lakini kauli hiyo bado inampima kwa uzuri. Makala haya yanadai kwamba thamani isiyotegemea sura haiji kwa maneno ya faraja. Hujengwa pale binti anapofunzwa stadi na kupata watu wanaomheshimu kwa stadi hiyo.

Siti binti Saad, mwimbaji aliyefariki mwaka 1950, ni ushahidi mzuri. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Alijifunza ufinyanzi nyumbani, akawa anatembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfunza muziki. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zake za Kiswahili zikaenea pwani yote. Waliomwonea kijicho wakamtungia wimbo wa kejeli wa kumdhalilisha kwa asili yake na umaskini aliotoka nao shamba. Akawajibu kwa wimbo ulioitanguliza akili mbele ya sura na nasaba. Jibu hilo liliwachoma kwa sababu aliyelitoa alikwisha kuwa na kazi inayojulikana na hadhira inayomsikiliza.

Yupo atakayesema kwamba Siti alikuwa na kipaji cha pekee, na kuuliza binti wa kawaida atashika nini. Hata hivyo, bila mwalimu kipaji hicho kingeishia kwenye kunadi vyungu. Kwa hiyo tunachopaswa kuiga ni mafunzo, na mafunzo hayahitaji binti awe nyota.

Wala hoja hii haivipigi vita hina na wanja, ambavyo vina nafasi yake halali katika sherehe na furaha zetu. Tatizo huanza sura inapokuwa mtaji pekee wa binti. Hapo ndipo mkorogo hupata wateja, ingawa zebaki inayopatikana katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hudhuru figo.

Fundisho kwamba sura ndiyo mtaji pekee wa binti huanzia sebuleni. Mgeni akifika, humuuliza mvulana yuko darasa la ngapi, dada yake huambiwa, "Umekuwa mkubwa, tena mzuri!" Sifa hiyo haina ubaya ikisemwa mara moja. Ikirudiwa miaka kumi bila swali lolote kuhusu anachokijua, binti hujifunza kwamba hakuna kingine kinachotazamwa kwake. Wazazi na walimu wana wajibu wa kumuuliza anasoma nini na anatengeneza nini, kusikiliza jibu lake hadi mwisho, na kumsahihisha kwa uzito uleule anaopewa kaka yake. Kusahihishwa kwa makini ni dalili kwamba kazi yake imechukuliwa kuwa kazi, na heshima ya nafsi inayotokana na hapo haimomonyoki kwa kejeli ya sura.