Breki Kubwa Kwa Ndai: Itasimama Haraka ama Unachoma Doo?

Ukitoka Muthara na Probox imejaa miraa, mteremko wa Nyambene uko mbele na wateja Nairobi wanangoja, breki si urembo. Ndiyo maana wasee wengi wanataka diski kubwa na kalipa za nguvu. Lakini kabla utoe doo, elewa kitu moja: breki husimamisha magurudumu. Chenye husimamisha ndai ni tairi ikishikana na lami.

Utajuaje breki zako zinatosha?
Kama ukikanyaga ghafla magurudumu yanajifunga, ama ABS inatetemesha pedali, breki tayari zina nguvu kushinda tairi. Diski kubwa haitapunguza umbali wa kusimama.

Cheki hesabu. Ukiwa kwa 100 km/h, lami kavu na tairi poa, ndai inahitaji kama mita 50 breki zikishashika. Ongeza karibu mita 28 zenye zinaenda kwa sekunde moja ya kushtuka. Lami ikilowa, hiyo 50 inaweza kufika 100. Tairi kipara? Hapo ni noma zaidi.

Breki kubwa inasaidia wapi sasa?
Kwa joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na ukipanda kutoka 80 hadi 110 km/h, joto la kusimama linakaribia mara mbili. Ongeza mzigo, ongeza mteremko mrefu: padi zinachemka, zinaanza kuteleza. Oili ya breki nayo ikichemka inatoa mapovu, na pedali inashuka hadi chini bila kushika kitu. Diski kubwa yenye nafasi ya hewa katikati inapoa haraka, so breki ya kumi inashika kama ya kwanza.

Kwa barabara ya Meru–Embu, mteremko wa daraja la Nithi hausamehi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa.

Doo ianzie wapi?
1. Tairi. Hapa ndipo umbali unapungua kweli.
2. Oili ya breki. Hunyonya maji polepole. DOT 4 mpya huchemka kuanzia 230°C, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155°C. Badilisha kila miaka miwili.
3. Padi original mbele, na viatu vya drami nyuma. Feki zikipata moto zinakuacha.
4. Diski na kalipa kubwa, mwisho kabisa. Hakikisha zinaingia ndani ya rimu, na fundi apime usawa wa mbele na nyuma. Mbele ikizidi nguvu, magurudumu ya mbele yanajifunga mapema na ndai inaenda mbali kuliko kitambo.

Na ukianza kushuka, ingiza gia ya chini mapema, kabla spidi ipande. Hiyo ni breki ya bure, na haichemki.